Aliyenunua Jina Alinunua Nini?

Mwaka 2023 kiwanda cha Bajaj Auto kilichoko Chakan, karibu na mji wa Pune nchini India, kilianza kutoa pikipiki ya cc 398 iitwayo Speed 400. Bajaj ni walewale wa Boxer inayobeba abiria na magunia huku kwetu, na walewale wa bajaji ya magurudumu matatu. Lakini kwenye tangi la pikipiki hii hawakuandika jina lao. Waliandika Triumph, jina lililoanza kuuza pikipiki mjini Coventry, Uingereza, mwaka 1902.

Hawako peke yao, na wengine wamenunua jina lenyewe. TVS, ambao HLX yao inajulikana kwa kila dereva wa bodaboda, waliinunua Norton mwezi Aprili 2020 kwa pauni milioni 16. Jina la BSA, ambalo zamani lilikuwa la mafundi bunduki wa Birmingham, liliingia mwaka 2016 katika kampuni ya Classic Legends iliyo chini ya Mahindra. Royal Enfield imekuwa mali ya Wahindi kwa muda mrefu kiasi kwamba vijana wengi hawajui iliwahi kuwa ya mtu mwingine. Ukoloni umegeuzwa kichwa chini, na mwenye kutaka kucheka acheke. Swali gumu liko pembeni ya kicheko hicho. Kiwanda kikifa, mafundi wakatawanyika, majengo yakabomolewa, halafu tajiri wa mbali akanunua jina, anachokitengeneza baada ya hapo ni kitu kilekile au ni kingine?

Wazee wa Uingereza wanaopenda pikipiki hulijibu kwa hasira: hiyo si Triumph. Wengine hujibu kwa mzaha kwamba haiwezi kuwa Triumph kwa sababu haivuji oili.

Wanafalsafa wamekuwa na swali hili kwa karne nyingi. Plutarch anasimulia kwamba Waathene walitunza jahazi la shujaa wao Theseus, na kila ubao uliooza waliutoa wakaweka mpya, mpaka wenye elimu wakaanza kubishana kama jahazi lile bado ni lilelile. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes akalitia chumvi. Tuseme kuna mtu aliyekuwa akiokota zile mbao kuukuu, akaziunga upya mahali pengine. Sasa majahazi ni mawili. La Theseus ni lipi?

Hobbes alidhani anabuni mfano. Royal Enfield waliutenda. Mwaka 1955 kiwanda chao cha Redditch kiliungana na Madras Motors kuunda Enfield India, kwa kuwa jeshi la India lilikuwa limeipenda Bullet ya cc 350 kwa doria za mipakani. Mwanzoni vipande vilitoka Uingereza na kuungwa Madras. Mwaka 1957 Redditch wakawauzia Madras vifaa vya kuundia, na kufikia mwaka 1962 kila kipande cha Bullet kilitengenezwa India. Kule Uingereza waliendelea kubuni, wakabadilisha injini, wakatupa miundo ya zamani. Madras walibaki na Bullet ileile ya 1955. Hapo jahazi lenye mbao mpya lilikuwa Redditch, na lenye mbao kuukuu lilikuwa Madras, yote mawili majini kwa wakati mmoja.

Kisha la kwanza likazama. Redditch ilifungwa mwaka 1967, na mabaki ya kazi yaliyohamishiwa Bradford-on-Avon yakaisha mwaka 1970. Mwaka 1977 Madras wakaanza kusafirisha Bullet kwenda kuuzwa Uingereza, na Mwingereza aliyekuwa akiikumbuka pikipiki ya ujana wake akaikuta dukani, mpya, imetoka Asia. Je, alinunua Royal Enfield? Ukishika mbao, ndiyo. Ukishika mahali, hapana. Ukishika mikono ya mafundi, hapana tena, ingawa mikono ya Madras wakati huo ilikuwa imeunda Bullet kwa zaidi ya miaka ishirini, na ni vigumu kumwita mgeni mtu aliyefanya kazi moja kwa miaka ishirini.

Hoja ya mahali hupendwa sana na wazalendo, na ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Mwanzilishi wa Triumph, Siegfried Bettmann, alikuwa Mjerumani wa Nuremberg. Pikipiki yake ya kwanza ilitumia injini ya Minerva kutoka Ubelgiji. Norton iliyoshinda mbio za kwanza za TT katika kisiwa cha Man mwaka 1907, kwenye daraja la silinda mbili, ilikuwa na injini ya Peugeot ya Ufaransa. Bettmann alifika hadi kuwa meya wa Coventry, kisha vita vya 1914 vikaja na asili yake ikamponza. Zaidi ya hayo, alikuwa amefungua tawi huko Nuremberg, nalo likajitenga na likaendelea kutengeneza pikipiki zake kwa jina lilelile la Triumph hadi miaka ya 1950. Anayedai kwamba Triumph halisi ni ya Waingereza tu inabidi kwanza aamue ni Triumph ipi, na ni Mwingereza gani.

Wabudha wana jibu kali zaidi, na kwa bahati nzuri lilitolewa kwa mfano wa chombo cha usafiri. Mfalme Milinda, yule Mgiriki Menander aliyetawala kaskazini-magharibi mwa India karne ya pili kabla ya Kristo, alimuuliza mtawa Nagasena habari za nafsi. Mtawa akamuuliza kwanza amefika kwa miguu au kwa gari la farasi. Kwa gari, alisema mfalme. Basi gari ni lipi: ni ekseli? Ni magurudumu? Ni nira? Kila mara mfalme alikataa, hadi akakubali kwamba gari ni jina tu linalotumika vipande vinapokutana. Kwa Nagasena, basi, anayetafuta Triumph nyuma ya vipande anatafuta kisichokuwepo.

Jibu hilo linavutia, lakini sokoni lina hatari yake. Kama jina ni jina tu, libandike popote.

Kuna waliofanya hivyo. Kampuni ya Indian ya Springfield, Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1901, iliacha kutengeneza pikipiki mwaka 1953. Wenye jina waliobaki hawakuwa na kiwanda cha pikipiki, kwa hiyo tangu mwaka 1955 waliagiza pikipiki kutoka Redditch, wakazibandika jina la Indian, wakaziita Trailblazer, Tomahawk, hata Chief, na kuwauzia Wamarekani. Tazama kichekesho cha mwaka huo mmoja: kiwanda kilekile cha Uingereza kilipeleka Enfield India, na kikapeleka Indian Marekani. Wapenzi wa Springfield hawakudanganyika. Jina hilo limezikwa na kufufuliwa mara kadhaa tangu hapo: California kuanzia mwaka 1999 hadi 2003, kisha North Carolina, na mwaka 2011 Polaris wakalinunua na kulihamishia kiwanda kingine huko Iowa.

Afrika Mashariki tunaufahamu mtindo huu bila kusoma historia ya Marekani. Mji wa Chongqing, China, una viwanda vingi vya pikipiki, na mwagizaji anaweza kuagiza kontena la pikipiki lenye chapa aliyoitunga mwenyewe. Chapa inakuja na stika zake, inauzwa misimu miwili, inapotea. Sheria haisumbuki. Kwenye kadi ya pikipiki au logibuku kuna namba ya chesisi na namba ya injini, na kwa polisi wa barabarani utambulisho wa chombo umekwisha hapo. Hata ukibadilisha bloki, kichwa, klachi, rimu na tangi, chesisi ikisema ni ileile, basi ni ileile. Sheria imechagua ubao mmoja wa jahazi na kuamua kwamba jahazi ni huo.

Wapo wanaokwenda mbali kuliko sheria katika kushika kitu chenyewe. Kando ya barabara ya Pali kwenda Jodhpur, Rajasthan, kuna mahali pa ibada ambapo Bullet ya cc 350 imewekwa ndani ya kioo, imevishwa maua. Mwenyewe, Om Banna, alifariki hapo kwa ajali mwaka 1988. Wenyeji husimulia kwamba polisi waliichukua pikipiki kituoni, asubuhi ikakutwa imerudi penye ajali. Wakamwaga mafuta yake na kuifunga, ikarudi tena. Wasafiri husimama kuomba safari njema, na wapo wanaomimina pombe kama sadaka. Asiyeamini simulizi hiyo hana haja ya kuibeza ili aone jambo moja: kwa mahujaji wale, Bullet mpya iliyotoka kiwandani jana haina kazi. Wanataka ileile. Utakatifu umo katika chuma kile, chenye namba zake, na hauhamii kwenye nakala. Kwao kiwanda kingeweza kufilisika mara saba.

Kwa hiyo mezani kuna majibu manne: mbao, mahali, mikono, jina. Kila moja linapata kitu na kuacha kitu. Labda tatizo ni kwamba tunauliza bila kusema kwa nini tunataka kujua.

Al-Ghazali alijua kwa nini. Katika Tahafut al-Falasifa, mwishoni mwa karne ya 11, alijibizana na wanafalsafa waliokana kwamba miili itafufuliwa. Walisema mwili uliooza, ukaliwa na wadudu, ukawa udongo na mimea, hauwezi kurudi. Kikija kingine, basi hicho ni kingine. Ghazali akawajibu kwamba mtu ni mtu kwa nafsi yake. Viungo vyake hubadilika tangu utotoni hadi uzeeni, naye ni yuleyule. Mungu akiirudisha nafsi katika mwili wowote, wa udongo wa zamani au wa udongo mpya, mtu amerudi. Mjadala huo haukuwa mchezo wa akili. Siku ya Kiyama kuna hesabu, na hesabu haina haki kama anayesimamishwa si yule aliyetenda. Karne sita baadaye John Locke, Mkristo wa Uingereza, alipoandika kuhusu utambulisho wa mtu mwaka 1694, alifika karibu na hapo: neno la kumtaja mtu kuwa yuleyule, alisema, ni neno la mahakamani, la kugawa sifa na lawama. Wote wawili waliuliza nani ni nani kwa sababu walitaka kujua nani atajibu.

Likihamishiwa kiwandani, swali linapoteza ukungu wake. Wauzaji hupenda kusema kwamba pikipiki mpya imebeba roho ya ile ya zamani. Roho ya kiwanda haionekani wala haipimwi, na kwa kawaida hupatikana kwenye matangazo. Hesabu hupimika. Nani anatoa spea? Nani anaita pikipiki zirudishwe breki zikionekana mbovu? Nani anamjibu aliyelipa nusu na hajaona mzigo? Mtengenezaji ni yuleyule pale anapokubali kwamba madai ya jana ni madai yake. Waislamu wanaufahamu utaratibu huu katika mirathi: deni la marehemu hulipwa kabla warithi hawajagawana hata kijiko. Hakuna mrithi wa nyumba ambaye si mrithi wa dai lililoigusa nyumba.

Sheria ya makampuni huenda kinyume kabisa. Anayenunua kutoka kwa mfilisi hununua jina, michoro na mitambo, na madeni hubaki kaburini na kampuni ya zamani. Sababu ipo, na si ya kijinga, maana bila njia hiyo asingepatikana mnunuzi, na ajira zote zingepotea. Ila kuna kitu kisicho cha kweli katika kusimama jukwaani na kusema sisi ndio tulioanza mwaka 1898, halafu dirishani kumwambia mdai sisi tulianza mwaka 2020.

Norton ndiyo kesi yenyewe. Ilipoanguka Januari 2020, iliacha wateja waliokwisha kutoa malipo ya awali kwa pikipiki ambazo hazikutengenezwa. Kulikuwa pia na zaidi ya watu mia mbili ambao akiba zao za pensheni zilikuwa zimewekezwa humo, na mkurugenzi wake wa zamani alikiri makosa mahakamani mwaka 2022 kuhusu uwekezaji huo. TVS hawakuhusika na lolote kati ya hayo. Walinunua, wakajenga kiwanda kipya Solihull, na mwaka 2021 wakatangaza jambo ambalo kampuni nyingi zingelifukia: pikipiki za V4 zilizotoka kiwandani kabla yao zilikuwa na kasoro 35, nyingine za hatari, na wenye nazo wasiziendeshe. Sheria ya ununuzi ingewapa nafasi ya kusema kwamba hizo si zetu. Kwa tangazo lile walijifanya Norton zaidi kuliko kwa mabango yote ya miaka 120 ya historia. Hawakubeba deni lote, na waliopoteza pensheni hawakupata faraja kwao; ila mlango wa kukana waliuacha wazi bila kupita.

Hoja hii ina tundu, na halifichiki. Kubeba deni hakumgeuzi mtu kuwa mdaiwa. Katika hadithi mashuhuri, Mtume Muhammad aliletewa jeneza, akauliza kama marehemu alikuwa na deni. Alipoambiwa ndiyo, aliwaachia wengine wamsalie, mpaka Abu Qatada aliposema deni lile liko juu yake, ndipo akasali. Abu Qatada alilipa, lakini hakugeuka kuwa marehemu. Alibaki Abu Qatada.

Triumph walikuwa na Abu Qatada wao. Baada ya mabomu ya Wajerumani kuiteketeza Coventry mwezi Novemba 1940, kiwanda kilihamia Meriden, na huko ndiko Bonneville ilikozaliwa mwaka 1959. Mwaka 1973 wenye mali walitangaza kukifunga. Wafanyakazi wakafunga mageti wao wenyewe, na wenye mali wakiwa nje. Walikaa hivyo muda mrefu, wakakopeshwa na serikali ya Labour kwa msaada wa waziri Tony Benn, na mwaka 1975 wakaanza kukiendesha kama ushirika wa wafanyakazi. Kama mikono ndiyo kiwanda, basi hakujawahi kuwa na Triumph ya kweli kuliko ile. Ilidumu hadi mwaka 1983. Uwanja ukajengwa nyumba za kuishi, na mtaa mmoja ukaitwa Bonneville Close.

John Bloor, tajiri wa ujenzi wa nyumba, akanunua jina. Hakuwa tayari kuanza mara moja, kwa hiyo alimpa leseni Les Harris, mtengenezaji wa spea za Triumph kutoka Newton Abbot, Devon, aendelee kuunda Bonneville ya zamani kuanzia mwaka 1985 hadi 1988. Bloor mwenyewe alijenga kiwanda kipya Hinckley na mwaka 1990 akaonyesha pikipiki mpya huko Cologne, zenye injini ambazo hazikuchukua hata nati kutoka Meriden. Katika miaka ile mwenye Bonneville ya zamani aliyevunjikiwa na pistoni hakuwa na la kutafuta Hinckley. Alikwenda kwa watu kama Harris. Muuza spea alibeba deni, Bloor alibeba jina. Nani alikuwa Triumph?

Hapa mwandishi huyu anaamua hivi. Harris alikuwa mtu mwema kwa marehemu, kama Abu Qatada, na wema hauhitaji jina la mwingine. Bloor alianza kama mgeni aliyevaa nguo za marehemu. Lakini pikipiki za Hinckley zimekuwa na mdhamini mmoja kwa zaidi ya miaka thelathini, na hata zile zinazoundwa Thailand na Chakan zinauzwa kwa dhamana ya Triumph. Jina alilolinunua ameliwekea madeni mapya na ameyalipa. Huyo ni Triumph kwa haki yake, kuanzia mwaka 1990. Akijiita mwana wa Meriden, astahimili kuulizwa maswali ya Meriden. Royal Enfield wana hali nzuri zaidi, maana mnyororo wa kuwajibika haukukatika tangu Madras walipoanza kuunda vipande wenyewe. Zile Indian za Redditch hazikuwa Indian.

Afrika Mashariki ina sababu ya kuuliza haya mapema, kabla ya wanasheria. Kigali, Ampersand wanaendesha mfumo ambamo dereva wa pikipiki ya umeme hubadilishiwa betri kwenye vituo vya kampuni, na betri hubaki mali ya kampuni. Pikipiki ya petroli humaliza miaka baada ya mtengenezaji wake kufa, mradi fundi apate spea za kuchongesha. Pikipiki inayotegemea betri ya kampuni haina miaka hiyo: siku mwenye betri akifilisika, au akiuza jina na kuacha vituo, chombo kinasimama uani na mkopo wake haujaisha. Basi mamlaka za usafiri na mabenki yanayokopesha madereva wadai kifungu kimoja katika kila mkataba wa aina hii, kinachosema wazi kwamba atakayenunua chapa atachukua pamoja nayo wajibu wa betri, spea na dhamana kwa kila pikipiki iliyokwisha kuuzwa. Na dereva asitie sahihi kabla hajasomewa kifungu hicho.